Mzigo ukiongezwa mara mbili, breki haziongezeki

KASENYI – Familia nyingi za wakimbizi wa vita zinasafiri kati ya Bunia na Kasenyi zikiwa juu ya mizigo: kwanza magunia, halafu magodoro na majerikani, na watu wa mwisho kabisa. Wapendwa wasomaji, maoni yangu ni haya: gari lililojazwa hivyo lisiruhusiwe kuteremka kutoka Bogoro kuja ziwani. Sababu iko katika hesabu ambayo watoto wetu wanaisoma shuleni.

Kutokana na kanuni alizozitoa Isaac Newton mwaka 1687, tunajua kwamba nguvu ni sawa na masi mara mchapuko. Masi tunaipima kwa kilo. Mchapuko ni namna mwendo unavyoongezeka au kupungua kila sekunde. Kwa lugha ya barabara: nguvu ikibaki ile ile, kitu kizito kinachelewa kuondoka, na kinachelewa pia kusimama.

Tuchukue mfano wa lori la tani 4, mzigo ukiwa ndani ya hesabu, linalokwenda kilomita 36 kwa saa. Breki zake zinaweza kutoa nguvu ya nyutoni 20.000. Mahali pa tambarare litasimama kwa mita 10. Likifika tani 8, litahitaji mita 20.

Kwenye mteremko mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu uzito wenyewe unalivuta gari chini. Barabara ikishuka mita 1 kwa kila mita 10, lori la tani 4 litasimama kwa mita 12 na nusu hivi. La tani 8 litahitaji mita 33. Dereva ni yule yule, breki ni zile zile.

Na likigonga kitu? Kwa mwendo huo, likisimama ghafla kwa sehemu ya tano ya sekunde, mtoto wa kilo 10 aliye mikononi mwa mama yake atavuta kama mfuko wa sementi wa kilo 50. Hakuna mama anayeweza kumzuia, hata ampende namna gani.

Wenye magari watasema mafuta ni ghali na barabara ni mbovu. Ni kweli. Lakini mkimbizi anayetafuta njia hana uwezo wa kuchagua gari. Kwa hiyo tusimlaumu yeye. Kwenye vizuizi, ambapo magari yanasimamishwa hata hivyo, mzigo na breki viangaliwe kabla ya mteremko, na watu washushwe juu ya magunia.

Sisi wa Ziwa Albert tunajua bei ya kujaza kupita kiasi. Tarehe 22 Machi 2014, boti iliyojaa wakimbizi waliokuwa wanarudi Kongo kutoka Kyangwali, Uganda, ilipinduka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Tusingoje Bogoro itufundishe somo lile lile.