Nani Ampishe Nani Kwenye Reli?

Wiki iliyopita, baada ya chakula cha jioni, frateri mwenzangu alituambia kwa uhakika wote kwamba Marekani haina treni nzuri za abiria kama Ulaya kwa sababu ni nchi kubwa mno. Meza nzima ikakubali. Mimi nilinyamaza, kisha nikaenda kutazama ratiba. (Sijawahi kupanda treni ya Paris wala ya Chicago, nakiri mapema.)

Kutoka Paris hadi Lyon ni zaidi ya kilomita 400. TGV, treni ya mwendokasi iliyoanza kazi huko mwaka 1981, hutumia kama saa 2. Kutoka Chicago hadi St. Louis ni kilomita 450 hivi, nchi tambarare ya mashamba ya mahindi. Treni ya Amtrak hutumia karibu saa 5, na kwa siku ni chache. Ukubwa wa nchi unahusikaje hapo? Ukubwa unaeleza safari ya Chicago hadi Los Angeles, zaidi ya saa 40, ambayo hata Mfaransa angepanda ndege.

Darasani tunafundishwa kuuliza kitu kipo kwa ajili gani kabla ya kukiita kibaya. Reli ya Marekani si mbovu. Kwa mizigo ni miongoni mwa bora duniani, na Ulaya ingeweza kuionea wivu: pale Brenner, mpakani mwa Austria na Italia, malori hupanga foleni milimani. Amtrak ilipoanza mwaka 1971 ilipokea abiria ambao kampuni za reli zilikuwa zimewachoka, lakini reli zenyewe zikabaki mali ya kampuni hizo. Ukiacha njia ya Boston hadi Washington, ambayo sehemu kubwa ni yake, Amtrak ni mpangaji.

Tangu mwaka 1973 sheria inasema treni ya abiria ipite kwanza. Ila treni nyingine za mizigo siku hizi hufikia kilomita 3, hazienei kwenye njia ya kupishania. Basi anayeingia pembeni kusubiri ni mama na mtoto wake, siyo makontena. Na Amtrak yenyewe haiwezi kwenda mahakamani kudai zamu yake. Ni lazima serikali ishtaki.

Wako wanaosema soko ndilo limeamua. Sikubaliani nao. Sheria ya barabara kuu aliyoitia saini Rais Eisenhower mwaka 1956 iliifanya serikali kuu ibebe asilimia 90 ya gharama. Ufaransa nayo ilijenga reli ya TGV kupitia shirika la umma. Pande zote mbili watu walikaa wakachagua. Ulaya si paradiso, Wajerumani hulalamika kila siku kwamba treni zao zinachelewa. Lakini angalau wanalalamika kuhusu treni iliyopo.

Houston ni jiji lenye watu zaidi ya milioni 2. Treni ya masafa marefu hupita hapo mara 3 tu kwa wiki kila upande. Mwenye gari hata hajui. Anayejua ni mzee ambaye macho hayamruhusu tena kuendesha, na anataka kwenda New Orleans kumwona mjukuu siku ambayo treni haipo.