Kubadili Pikipiki ni Kubadili Mazoea

Barabara ya Morogoro, baada ya Mlandizi, huteremkia bonde la mto Ruvu, na hapo malori, mabasi na pikipiki husongamana kuelekea darajani. Mtu aliyebadili pikipiki yake kubwa ya safari ndefu kwa nyingine ya aina hiyo hudhani kwamba ujuzi wake wote umehamia nayo. Dhana hiyo ni ya hatari.

Ifikiriwe pikipiki iendayo kilomita 80 kwa saa. Katika sekunde moja ya kutambua hatari, huwa imekwisha kwenda mita 22 kabla breki haijashikwa. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne.

Breki zenyewe nazo hutofautiana. Mwaka 1988 kampuni ya BMW ilianza kuuza pikipiki za K100 zenye chombo cha umeme kinacholegeza breki kila gurudumu linapotaka kukwama. Aliyezoea chombo hicho hubana breki kwa nguvu zote bila hofu. Akihamia pikipiki isiyo nacho, na lami imelowa mvua za masika, mkono uleule waweza kukwamisha gurudumu la mbele na kumwangusha.

Kwa hiyo haitoshi muuzaji kukabidhi ufunguo na kadi. Yafaa kila mnunuzi aelezwe breki zake, kisha ajizoeze kusimama ghafla mahali patupu kabla ya kuingia barabara kuu. Gharama ya mazoezi hayo ni lita chache za petroli.