Asafiriye Mmoja, Walipao Wengi

Katika miji na vijiji vyetu vya mwambao, kuanzia Tanga hadi Unguja na Pemba, ni shida kuupata mtaa usiokuwa na nyumba ambayo mmoja wa watu wake yuko Uarabuni au Ulaya. Jambo hilo si geni. Mababu zetu walikwenda Arabuni kwa upepo wa kusi na wakarudi kwa kaskazi; na hata leo Kiswahili kinasikika mjini Muscat, kwa kuwa watu wengi wenye asili ya Zanzibar walihamia Oman baada ya mwaka 1964, na zaidi baada ya mwaka 1970.

Kwa hiyo hatuandiki leo ili kumlaumu aondokaye. Wapo wenzetu, hata miongoni mwa viongozi, wenye kudhani kwamba kila avukaye bahari ameitupa nchi yake. Fikra hiyo si sahihi. Mama mwenye watoto watatu na asiye na kipato hawi msaliti kwa kuifuata riziki ilipo. Lakini si sahihi vile vile kuigeuza safari kuwa dawa ya kila shida, ikapangwa kwa siri baina ya msafiri na wakala, na jamaa wakaja kuarifiwa tiketi imekwisha kukatwa. Tunalosema ni moja: gharama ya safari hailipwi na msafiri peke yake, na kwa hiyo uamuzi wake usiwe wa mtu mmoja.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba nchi zinazopokea wafanyakazi zinahitaji mikono yao tu. Mtumishi wa nyumbani aendaye Oman huingia chini ya kafili, yaani mwajiri ambaye kibali chake cha kuishi nchini kimefungamanishwa naye. Watoto hubaki nyumbani. Uingereza nayo, ambako vijana wa nchi nyingi za Afrika walikwenda kutunza wazee na wagonjwa, iliamua kwamba kuanzia tarehe 11 Machi 2024 wafanyakazi wapya wa huduma hiyo wasifuatane na mume, mke wala watoto. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wenyewe wa kuwaajiri watu wa kazi hiyo kutoka nje ukafungwa. Ada ya matibabu ambayo wahamiaji wengi walio watu wazima hutakiwa kuilipa pamoja na viza ilipandishwa mwezi Februari 2024 hadi pauni 1,035 kwa kila mwaka. Ikiwa wenyeji hawaihesabu familia yetu, hapana budi familia ijihesabu yenyewe.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme ndugu yetu amepata kazi ya ndani Muscat kwa mshahara wa riyali 80 kwa mwezi, sawa na dola 208 za Marekani. Mkataba wa miaka miwili humpa riyali 1,920, kama dola 4,990 hivi. Nusu ya fedha hizo zikitumwa kwa chakula na ada za shule, na robo ikilipa madeni ya safari na mahitaji yake mwenyewe, hubaki riyali 480, yaani dola 1,248. Fedha hizo si haba. Zaweza kununua cherehani na kufungua biashara ndogo, au kuanza msingi wa nyumba. Lakini hazitoshi kujenga nyumba, kumwoza kaka, kumtibu baba na kulipia harusi ya binamu, ingawa mambo yote hayo hutarajiwa kwake tangu siku anayopanda ndege. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aundaye ana mikono miwili tu.

Na hesabu hiyo ni ya safari iliyokwenda salama. Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Watanzania wafanyao kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Wanawake waliohojiwa walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi bila siku ya mapumziko, kunyimwa mishahara, na kudaiwa warudishe gharama za kuletwa pale walipotaka kuondoka. Wapo pia waliojaliwa waajiri wema, na hatuwasahau. Lakini mtu hapangi maisha ya watoto wake kwa kutegemea wema wa mwajiri asiyemjua.

Ipo gharama nyingine isiyoandikwa katika mkataba wowote. Mtoto wa miaka minne aachwapo kwa bibi, huyo bibi ameajiriwa upya katika uzee wake, bila mshahara na bila kuulizwa. Binti mkubwa wa nyumba huanza kukosa shule ili amlee mdogo wake. Na mara kwa mara husikika lalamiko kwamba mume aliyebaki amezila fedha zilizotumwa kwa ajili ya watoto, au ameoa mke mwingine kwa jasho la yule aliye ugenini. Mume wa namna hiyo hana tofauti na kupe. Mali ya mke ni ya mke, na fedha ya watoto ni amana. Hilo tulifundishwa chuoni kabla hatujajua kuandika majina yetu.

Ndiyo maana twasema kabla ya safari nyumba nzima ikae, wazee na vijana, wanawake na wanaume, na mambo yaandikwe. Kwanza, safari ni ya shabaha gani na inahitaji kiasi gani. Pili, ni ya muda gani, maana safari isiyokuwa na mwisho ni kuhama, na kuhama ni jambo jingine. Tatu, nani atawalea watoto, na yeye mlezi atapata nini kila mwezi. Nne, fedha zitapokelewa na nani na zitaonyeshwa kwa nani. Tano, iwepo nauli ya kurudi isiyoguswa, ili siku mambo yatakapoharibika msafiri asiwe mateka wa tiketi.

Watakuwapo wa kutuambia kwamba hayo ni mazungumzo ya wenye kushiba, kwani mwenye njaa hana nafasi ya vikao. Sisi twaona kinyume chake. Tajiri akipata hasara ya safari hurudi kwenye mali yake. Maskini aliyeweka rehani shamba la minazi hurudi kwenye deni. Mwenye kidogo ndiye apaswaye kuhesabu zaidi.

Viongozi wa mitaa nasi tuna wajibu. Haitoshi kugonga muhuri kwenye barua ya utambulisho na kumtakia mtu heri. Tumuulize kama wakala wake ana leseni, na tumwelekeze kwa TaESA akiwa Bara au Kamisheni ya Kazi akiwa Zanzibar ili apate hakika. Tumuulize kama mkataba ameusoma kwa lugha aijuayo, na kama nakala yake imebaki nyumbani pamoja na nakala ya pasipoti. Mkataba wa Kimataifa namba 189 wa mwaka 2011 unamtambulia mtumishi wa nyumbani haki ya kukaa na hati zake mwenyewe na kupumzika saa 24 mfululizo kila wiki. Ajue hayo kabla ya kuondoka, kwani akisha kufungiwa ndani hatakuwapo wa kumweleza.

Na anayeamua kubaki baada ya kikao hicho asichekwe. Naye amefanya hesabu.