Aliyezaa wanane msimwandikie sita

Misibani kwetu Mwanza, wasifu wa marehemu unapoanza kusomwa, mara nyingi unaijua sentensi inayofuata kabla msomaji hajaifikia. Alizaliwa mwaka fulani huko Magu, Misungwi au Ukerewe. Aliolewa. Alijaliwa watoto: fulani ni mhasibu, fulani yupo wizarani Dodoma, fulani ni mwalimu. Alisumbuliwa na presha na kisukari. Ameacha wajukuu 31, vitukuu 12 na vilembwe wawili. Dakika nne hazijaisha, MC ameshatangaza utaratibu wa kutoa heshima za mwisho.

Mama aliyeishi miaka karibu 90 anamalizwa kwa dakika nne, na nusu yake ni vyeo vya watoto.

Leo, wazazi wenzangu, naomba tumtazame mama mmoja wa kanda yetu hii ya ziwa. Jina la mwanawe kila mtoto wa darasa la tatu analijua. Lake mwenyewe waulize hata watu wazima, uone. Ni Mgaya wa Nyang'ombe, wa Butiama mkoani Mara, mama yake Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka wake wa kuzaliwa unaotajwa ni 1892, mwaka uleule ambao Wajerumani walianzisha mji wa Mwanza. Kwa hiyo bibi huyu na mji wetu ni rika moja. Alifariki 1997. Alikuta Mjerumani, akamwona Mwingereza akija na kuondoka, akaona uhuru, akaona chama kimoja, akaona hadi vyama vingi kurudi.

Aliolewa 1907 akiwa na miaka 15. Leo tungesema ni mtoto, tena wa kidato cha pili. Mume wake, Nyerere Burito, alikuja kufanywa chifu wa Wazanaki mwaka 1915, na wake zake walifikia 22. Mgaya alikuwa wa tano. Watu wakisikia "mke wa chifu" wanafikiria kukaa kivulini na kupepewa. Sivyo. Katika mji wa wake wengi kila mama alikuwa na nyumba yake, na watoto walikula kilichotoka kwenye jungu la mama yao. Mtama haukujilima. Mtoto wa chifu alichunga mbuzi kama mtoto wa jirani.

Mwaka 1922, mwezi Aprili, mvua zikinyesha, akamzaa Kambarage. Jina hilo ni la mzimu wa mvua. Mwaka 1934 mtoto huyo akiwa na miaka 12 akapelekwa kusoma shule ya Mwisenge, Musoma, safari ya kilomita 40 kwa miguu, akawa analala hukohuko. Kwa sisi tunaopiga simu bweni kila Jumamosi, hebu tujaribu kumfikiria mama huyo jioni ya kwanza, hana namna ya kujua kama mwanawe amefika.

Kisha kuna hesabu moja ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa popote. Chifu Burito alifariki 1942. Mgaya akaishi miaka mingine 55. Zaidi ya nusu ya maisha yake aliishi bila mume, na ni ndani ya miaka hiyo mwanawe alikwenda Makerere, akaenda Edinburgh, akaoa, akaacha ualimu kwa ajili ya siasa, akawa Rais. Mwaka 1985 alipong'atuka na kurudi Butiama, alirudi mzee wa miaka 63 mwenye mama hai. Mwalimu mwenyewe alifariki 1999, miaka miwili tu baada ya mama yake.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni jambo dogo zaidi ya hayo yote. Mgaya alizaa watoto wanane, wanne wa kiume na wanne wa kike. Wawili kati yao walikufa wakiwa wachanga.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye msiba upande wa Buhongwa. Kijana aliyesoma wasifu alisoma vizuri, kwa sauti ya kujiamini. Akafika pale: "Marehemu alijaliwa watoto watano." Kwenye mkeka mbele kabisa, mdogo wake marehemu, bibi wa miaka 80 hivi, akainua mkono. "Saba," akasema. Kijana akasita. Bibi akarudia, "Saba. Wawili tuliwazika mimi nikiwa nimemshika dada mkono." Halafu akawataja majina. Turubai zima likanyamaza. Mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa hajawahi kuyasikia majina yale.

Mama yule aliyabeba peke yake miaka sitini. Akipika, akianika dagaa, akilea wajukuu ambao wazazi wao walikuwa mjini wakitafuta maisha, alikuwa nayo. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuwa mtu wa kujisemea. Na hapa nitasema wazi: familia inayokumbuka vyeo vya watoto watano na kusahau majina ya wawili haijaandika wasifu wa mama, imeandika wasifu wa watoto wake.

Kama mama au bibi yako bado yupo, nenda ukakae naye. Usiende na daftari kama afisa wa sensa, atakujibu kwa mkato. Nenda wakati anachambua mchicha au maharage, ushike na wewe. Umri usimuulize kwa mwaka, wengi hawana. Muulize kwa matukio: ziwa lilipofurika miaka ile ya uhuru, alikuwa ameshaolewa? Operesheni vijiji ya 1974, nyumba yao iliachwa wapi? Ndege ya Walibya waliomsaidia Amin ilipokosa shabaha ikapiga kisiwa cha Saanane, Machi 1979, na kuua swala, alikuwa na mtoto gani mgongoni? MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, nani wetu alikuwamo? Hilo la mwisho muulize taratibu, kwani nyumba nyingi za hapa bado lina kidonda.

Muulize shamba lake la kwanza lilikuwa wapi, na nani alimfundisha kupika. Muulize nani alikuwa rafiki yake kabla hajaolewa. Kuhusu watoto waliofariki, usianze nao. Ngoja siku ya tatu au ya nne, muwe wawili tu. Akikataa, mwache, siku nyingine atalianzisha mwenyewe mkiwa mnaongea habari nyingine kabisa.

Mwombe ruhusa kwanza, kisha rekodi kwa simu, dakika 20 zinatosha kwa siku moja, maana wazee huchoka. Ukimaliza tuma sauti hiyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo siku hiyohiyo, na umpe mtoto mmoja anayejua kuandika vizuri kazi ya kuyanukuu majina yote kwenye daftari: wazazi wake, ndugu zake, na watoto wake kwa idadi atakayoitaja yeye.