Kompyuta Kuwaka Si Ushahidi

Kiraka kikigusa namna kerneli ya Linux inavyogawia vifaa anwani za kumbukumbu, utetezi wake huwa ni ule ule. Naupinga hoja kwa hoja, maana anayeumia ni mtumiaji asiyejua hata kama kerneli ipo.

"Kwangu inafanya kazi." Sawa, kwako. Ramani ya anwani hutegemea BIOS, madaraja ya PCI na vifaa vilivyochomekwa. Kompyuta mbili za modeli moja hutofautishwa na kadi moja tu. Mashine yako kuwaka kunaonyesha kwamba hakuna mgongano ulioizuia kuwaka, basi.

"Anwani za biti 64 haziishi." Hii ndiyo inayowapumbaza wengi. Kerneli hupima kifaa kwa kujaza rejista yake biti za moja na kusoma kinachorudi: biti zilizogoma kubadilika ndizo zinazotaja ukubwa. Ukubwa huo daima ni kipeo cha mbili, na anwani ya kuanzia lazima igawanyike kwa ukubwa huo bila baki. Kifaa cha MB 256 kinaweza kukosa pa kukaa hata penye MB 300 tupu, kama mpaka unaofaa hauangukii mahali pake. Tena rejista nyingi ni za biti 32, hazifiki juu ya GB 4. Na dirisha la daraja (anwani ambazo daraja hupitisha) kwa kumbukumbu isiyoruhusiwa kusomwa kabla ya kuhitajika nalo ni la biti 32. Bahari ya anwani ipo kweli, lakini vifaa vingi hugombea chini ya GB 4, pamoja na RAM yenyewe.

"Kuanza juu au kuanza chini ni mamoja." Historia inakataa. Mwishoni mwa 2010, wakati toleo la 2.6.37 likiandaliwa, kerneli ilibadilishwa igawe kutoka juu kushuka chini, kama Windows inavyofanya. Hoja ilikuwa na mantiki. Baadhi ya kompyuta zikagoma, na Desemba hiyo hiyo badiliko likaondolewa kabla toleo halijatoka. Badala yake kerneli ikafundishwa kukwepa maeneo ambayo BIOS imeyatia alama kuwa yana mwenyewe.

Hapo wengi hufunga kitabu. Miaka kama kumi baadaye zikaja kompyuta mpakato ambazo BIOS yake ilitia alama dirisha zima la daraja. Kerneli ikatii kanuni ya 2010, ikakosa hata upenyo wa kuweka kidhibiti cha padi ya kugusa, na padi ikafa. Toleo la 5.19, mwaka 2022, likaamua kwamba mashine zenye BIOS ya kuanzia 2023 zisifuate tena kanuni hiyo. Nani angethubutu kuilegeza kanuni hiyo kama sababu yake haikuandikwa? Ndiyo maana maelezo ya kiraka nayapa uzito sawa na msimbo wenyewe.

"Mwenye tatizo ataongeza kigezo cha pci=nocrs anapowasha." Ataiongezaje, na skrini yake ni nyeusi? Kigezo hicho ni cha kumsaidia mchunguzi apate chanzo. Mashine iliyokuwa nzima jana haipaswi kudai kigezo leo.

"Tuliweka anwani ya kuanzia 0x80000000, tatizo likaisha." Hapa ndipo nisipokubali kabisa. Namba hiyo ni mpaka wa GB 2. Nani alikuwa amekaa pale anwani ilipokuwa awali? Kama BIOS imeweka kitu pale bila kukitangaza, kerneli imekigawa kiwanja kimoja kwa watu wawili, na kuhamia kiwanja kingine hakumtaji aliyekuwamo. Atakutwa tena kwenye mashine nyingine, na huko namba yako haitafaa kitu. Nataka nione ramani ya anwani katika /proc/iomem kabla na baada ya kiraka, mstari wa dmesg unaotaja kifaa kilichokosa nafasi, na jina la badiliko lililoleta hitilafu kama git bisect ilivyolipata. Bila hivyo, kiraka kinarudi kwa mwandishi wake.