Kozi za Akiolojia Zianzie Koru
Kijana wa Muhoroni aliyepata nafasi chuoni kusomea akiolojia huchagua kozi kwa kutazama ratiba: hii haigongani na ile, hii wanasema ni rahisi. Atazame kwanza nyumbani. Hapo Koru, mwaka 1926, mlowezi H. L. Gordon alipata visukuku kwenye machimbo ya chokaa. Mwaka 1933 mtaalamu wa visukuku Hopwood akavipa jina la Proconsul, sokwe wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 20 iliyopita. Songhor iko jirani, na Fort Ternan, ng'ambo ya mpaka wa Kericho, ina mabaki ya miaka milioni 14 hivi. Enzi hizo binadamu hakuwapo wala zana zake, kwa hiyo historia peke yake haitamfikisha huko. Achukue jiolojia na anatomia mapema, kabla ya kozi zenye majina matamu. Kule Nyayanga, Homa Bay, zana za mawe za miaka milioni 2.6 au zaidi zilipatikana pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Kwa asiyejua mifupa, hiyo ni mikwaruzo tu. Takwimu nazo (najua wengi hukimbilia fani za sanaa ili kuzikwepa) zisingoje mwaka wa mwisho. Ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga, Urithi wa Dunia tangu 2018, yadai pia masimulizi ya wazee, na hapo Kijaluo chake ni mtaji. Wakuu wa idara, fanyeni uchimbaji wa nyanjani uwe wa lazima, na nauli ilipwe na chuo.