Pumu ya ngozi: kwa nini mtoto anajikuna usiku, na kwa nini krimu ya dukani inaweza kumwongezea shida

Mtoto anajikuna usiku kucha, na asubuhi shuka lina madoa ya damu. Bibi anasema ni upele, jirani anasema amerogwa, muuza duka anatoa kopo la krimu. Kwa wasikilizaji wetu wa Mtowisa na vijiji vingine vya Bonde la Ziwa Rukwa, hali hii si ngeni. Mara nyingi ni pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu.

Tuanze na jina. Ugonjwa huu umeitwa pumu kwa sababu una undugu na pumu ya kifua. Watoto wengi wenye nao wanatoka katika familia zenye pumu, mafua ya mzio au macho yanayowasha. Baadhi yao hupata pumu ya kifua baadaye, lakini si wote.

Chanzo ni nini? Fikiria ukuta wa nyumba uliosiribwa vizuri. Siriba ikibanduka, mvua na vumbi vinapenya. Ngozi yenye afya ina siriba yake: mafuta pamoja na protini iitwayo filagrini. Baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa protini hiyo. Maji yanatoka mwilini haraka, ngozi inakauka, na vumbi, sabuni na vijidudu vinaingia. Kinga ya mwili inapambana navyo kupita kiasi, na hapo muwasho unaanza. Kujikuna kunazidi kuichana ngozi, nayo inazidi kuwasha.

Kwa hiyo ugonjwa huu hauambukizi. Mtoto mwenye nao anaweza kulala na wenzake na kukaa nao dawati moja. Tena hauletwi na uchafu wala kulogwa. Wengi wanajua jina Sumbawanga linavyoelezwa kuwa ni wito wa kutupa uchawi. Kwenye ugonjwa huu, wito huo tuutii.

Hali ya hewa ya kwetu nayo ina mchango. Huku bondeni joto na jasho huamsha muwasho. Ukipanda Lyamba lya Mfipa kwenda Sumbawanga mwezi Juni au Julai, unakutana na baridi na upepo mkavu unaokausha ngozi. Ongeza moshi wa kuni, vumbi la kupeta nafaka, sabuni kali ya unga na blanketi la sufi.

Kwenye ngozi nyeusi, wekundu hauonekani wazi. Tazama ngozi iliyokauka, yenye rangi ya kijivu au nyeusi zaidi, yenye vijipele vidogo na inayokuwa nene. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni. Kwa mkubwa hukaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ikiwa watu kadhaa nyumbani wanawashwa, hasa usiku, na vipele viko katikati ya vidole na kwenye viganja, huo huenda ni upele wa wadudu. Huo unaambukiza, na familia nzima hutibiwa kwa pamoja.

Kosa la kwanza linalotutia wasiwasi ni krimu. Nyingi zinazouzwa kiholela zina steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Muwasho unatulia ndani ya siku chache, na mzazi anaamini amepata dawa. Akiacha, ugonjwa unarudi. Akiendelea miezi mingi, ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi, na dawa ikiingia kwa wingi mwilini inaweza kuvuruga homoni za mtoto. Steroidi si sumu. Ikitumika kwa nguvu na muda uliopangwa na mtaalamu, ndiyo tiba inayosaidia wengi. Ila krimu za kujichubua zisimguse mtoto kabisa.

Kosa la pili ni chakula. Wapo wanaomkataza mtoto mayai, maziwa, samaki na karanga kwa kudhani ndiyo chanzo. Kweli, baadhi ya watoto wana mzio wa chakula, lakini kwa wengi si chanzo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Katika mkoa kama huu, kumnyima mtoto protini bila ushauri wa mtaalamu ni kutibu ngozi kwa kuumiza mwili.

Nyumbani, mwogeshe kwa muda mfupi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Mkaushe kwa kumgusagusa taratibu, kisha mpake mafuta mazito yasiyo na manukato, kama vaselini, ngozi ikiwa bado na unyevu. Rudia hata siku ambazo hawashwi. Kata kucha zake, mvike nguo za pamba, na suuza vizuri sabuni ya unga.

Mpeleke kituo cha afya mapema ukiona usaha, magamba ya njano, homa, au malengelenge mengi yanayouma. Kwa kesi ngumu omba rufaa. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi, wakiwemo maofisa tabibu wanaorudi kuhudumu mikoani.

Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya jamii duniani. Kwa mzazi wa Mtowisa, azimio hilo litakuwa na maana siku zahanati yake itakapokuwa na mafuta ya kupaka, steroidi ya nguvu ndogo, na mhudumu anayeweza kutofautisha pumu ya ngozi na upele. Hilo tuwaulize viongozi wetu kwenye mikutano ya kijiji. Wakati tukisubiri jibu, kopo la vaselini na kuacha kubahatisha krimu vinaweza kumrudishia mtoto usingizi wake.